Je, Wajua? Wastani Haubebi Tangi

Tangi la plastiki la lita 5,000 likijaa maji lina tani tano, plastiki yenyewe haijahesabiwa. Butembo na Beni, huku Kongo, utayaona matangi haya juu ya nyumba za etaji, kwa sababu bomba haliaminiki na mvua ipo. Sina ugomvi na tangi. Ugomvi wangu ni na hesabu inayolipandisha juu: paa la zege ni mita 10 kwa 10, tani tano ukizigawa kwa mita mraba 100 unapata kilo 50 tu kwa kila mita mraba, na sakafu ya nyumba ya kuishi hupangiwa kilo 150 hadi 200. Basi kamba inaletwa, vijana wanaitwa, tangi linapanda.

Kugawa wamegawa sawa, ila tangi lenyewe halikugawanyika. Kitako chake kina upana wa karibu mita 1.8, yaani mita mraba mbili na nusu, na hapo zege linabeba kama kilo 2,000 kwa kila mita mraba.

Mahali pana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Chukua boriti ya mita 4 iliyolala juu ya kuta mbili. Tani tano zikitandazwa sawasawa kwa urefu wake wote, huipinda kwa nguvu fulani. Tani zilezile zikisimama katikati, kwenye nukta moja, huipinda kwa nguvu mara mbili ya hapo. Zisogeze sasa hadi nusu mita kutoka ukutani: nguvu hiyo ya kupinda inashuka hata chini ya ile ya mzigo uliotandazwa. Hakuna nondo iliyonunuliwa, tangi limesogezwa tu.

Wanaotumia programu za kuhesabu majengo wana chombo cha kuuweka mzigo mahali pake, nami nakipenda kuliko picha zote za rangi zinazotoka humo: sakafu isiyokuwepo. Katika ETABS ya Marekani, mhandisi huchora juu ya sakafu yake ya zege eneo tupu, lisilo na unene, uzito wala ugumu. Kazi yake ni kubeba tarakimu ya mzigo na kuishusha kwenye zege, palepale ilipochorwa. Robot, programu nyingine iliyotoka kwa Wafaransa kabla ya kununuliwa na kampuni ya Autodesk, ina ngozi ya namna hiyo kwa mapaa. Haihesabiwi kuwa na nguvu yoyote, lakini huugawa uzito wa mabati, upepo na paneli za sola kwa boriti na kenchi za jirani, kila moja ikipata fungu lake la pembetatu au trapeza kama wakwe kwenye mbuzi wa harusi.

Sakafu hiyo hewa ina visirani vyake. Ichore juu kidogo au chini kidogo ya zege, na mzigo unaweza kubaki unaelea usimguse mtu, huku kompyuta ikitoa majibu ya kupendeza. Ndiyo maana anayeijua kazi hujumlisha kwa kalamu: maji ni tani tano, je, chini ya nguzo na kuta zote zimeongezeka tani tano? Zikipungua, mzigo umepotea njiani.

Tangi pia lihesabiwe peke yake, likiwa limejaa na likiwa tupu. Sakafu inayopita juu ya kuta kadhaa ina tabia ya ajabu: ukikibonyeza chumba kimoja, sakafu ya chumba cha pili huelekea kuinuka. Juu ya ukuta wa katikati zege huvutwa upande wake wa juu, na kama fundi aliweka nondo za chini tu, ufa hufunguka hapo, mahali maji yanayovuja yanapopata njia. Anayejaza vyumba vyote mzigo sawa kwenye kompyuta hauoni mwinuko huo, kwa kuwa kila chumba kinamkandamiza jirani yake.

Halafu tuko kwenye bonde la ufa. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la upande wa Ruwenzori liliua watu Uganda na huku Kongo. Programu inapopima tetemeko, mizigo ya watu na samani huichukua kwa sehemu tu, mara nyingi asilimia 30 au chini yake, kwa kuwa si kawaida kila chumba kiwe kimejaa saa ileile. Litie tangi kwenye fungu hilo, na tani tano zinageuka moja na nusu, tena kileleni mwa jengo, mahali panapoyumba kuliko pote.

Mjini Seoul, tarehe 29 Juni 1995, duka la Sampoong liliporomoka na kuua watu 502. Makosa yalikuwa mengi, lakini moja lilianzia paani: mashine nzito za kupoza hewa zilihamishwa kwa kuburutwa juu ya zege badala ya kunyanyuliwa, na nyufa zikatokea kuzunguka nguzo. Uzito wa jengo haukuongezeka kwa kuhamisha mashine hizo. Kilichobadilika ni mahali zilipokaa.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na etaji iliyochorwa kuwa ofisi hugeuka depo bila mtu kurudi kwenye ramani. Kanuni za Ulaya hupendekeza kilo 750 hivi kwa mita mraba kwa ghala. Mifuko kumi ya simenti iliyopangwa mmoja juu ya mwingine inafika karibu kilo 2,000. Kule Beni weka magunia ya kakao. Dawa inayopendwa ni kuzidisha nondo nyumba nzima, na huo kwangu ni ubadhirifu: chuma kimesafiri kutoka Mombasa, kimevuka mpaka wa Kasindi, kisha kinazikwa kwenye kona ambayo haitabeba zaidi ya kitanda, wakati pembe ya depo ina njaa.

Vingine vinavyodai kuchorewa eneo lake: jenereta, betri za sola, kasha la fedha, kinu cha kusaga, kisima cha ubatizo, rafu za maktaba, fundi mmoja anayetembea juu ya mabati (kanuni humpa kilo 100 za nukta moja), na ukuta wa matofali ya kuchoma unaoongezwa katikati ya sebule ili kupata chumba cha mpangaji. Ukuta huo, ukiwa na kimo cha mita 3, hupita kilo 600 kwa kila mita ya urefu, na kwa kawaida hujengwa mhandisi akiwa amekwisha kulipwa na kuondoka.