Chupa ya Makapi ya Mkonge

Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kuchambua singa, singa zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Yanayobaki ni maji na makapi. Makapi hayo yakioza pasipo hewa hutoa methani, gesi ya kuwashia jiko, na huko Hale, Korogwe, yamejengewa mtambo wa umeme. Ila kabla ya kumwaga zege lazima ujue: kilo moja ina gesi kiasi gani?

Tunaanzia kwenye chupa ya nusu lita. Tunatia tope lenye bakteria hai kutoka mtambo unaofanya kazi, kisha makapi. Uzito wa makapi mabichi hautoshi, maana maji hayazai gesi. Sampuli za makapi na za tope hukaushwa kwa nyuzi joto 105, zikachomwa kwa 550. Kilichopotea motoni ndicho chakula cha bakteria. Kinachopotea upande wa tope, ambamo wamo walaji wenyewe, kiwe angalau mara mbili ya kile cha makapi, walaji wasije wakazidiwa. Hewa hufukuzwa kwa naitrojeni, chupa ikakaa kwenye nyuzi 37 mwezi hivi. Gesi hupitishwa kwenye kostiki soda, inayonasa kaboni dayoksaidi na kuiacha methani ipimwe.

Chupa ninayoithamini kuliko zote ni ile isiyotiwa makapi. Tope lenyewe hutoa gesi, na usipoitoa kwenye hesabu, mkonge utasifiwa kwa kazi ya tope. Nyingine hutiwa selulosi safi, ambayo gesi yake inajulikana. Selulosi ikitoa pungufu sana, tope ni dhaifu, na majibu yote ya mwezi ule yatupwe. Inauma, lakini yatupwe.

Kwa chupa za namna hii, Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba taka za singa zikikatwa hadi milimita 2, methani huongezeka kwa takriban asilimia 23: bakteria hupata pa kushika.

Hata hivyo chupa hulishwa mara moja tu, ilhali mtambo hula kila siku. Kwa hiyo hufuata tangi dogo la kukoroga, linalolishwa kidogo kidogo kwa miezi. Humo ndimo tunaona shibe ikigeuka ugonjwa: bakteria wa asidi hukimbia mbele, vijidudu vya methani, vilivyo vizito kuzaana, hubaki nyuma, tope huchachuka na gesi hushuka. Siku hiyo hatulilishi.