Mtumbwi Salama, Safari Salama

Safari hii tunazungumzia mtumbwi. Huenda unajiuliza, "Mtumbwi na afya wapi na wapi?" Vinahusiana, tena sana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote. Karibu nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 29. Ndiyo, ni vijana na watoto kama sisi na wadogo zetu.

Tuchukue mfano wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Mto Kilombero unapita kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, halafu unakutana na mto Luwegu, na hapo ndipo unapozaliwa mto Rufiji. Masika ikikolea, sehemu kubwa ya bonde inageuka kama ziwa. Wandamba wa huko ni wavuvi na wapiga kafi hodari tangu enzi za mababu. Kijana anaweza kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, akakaa huko siku kadhaa. Hakuna duka, hakuna zahanati, majirani zako ni viboko. Safari kama hiyo inataka mtumbwi mzima, kafi zuri na kichwa kilichotulia.

MTUMBWI UNACHONGWAJE?

Mtumbwi wa asili hutoka kwenye gogo moja. Kule pwani mafundi wengi hupenda mwembe. Bara, mvule unasifika kwa sababu ni mgumu na haushambuliwi kirahisi na mchwa. Lakini usikimbilie shoka! Miti ya namna hii haikatwi bila kibali, kwa hiyo anza kwa ofisa misitu.

Fundi huangusha mti, hukata gogo kwa urefu anaoutaka, kisha hulipa umbo la nje: ncha mbili zilizochongoka na tumbo la mviringo. Baadaye hugeuza gogo na kulichimba ndani kwa shoka na tezo. Hapa ndipo penye ufundi. Kitako huachwa kinene kuliko ubavu. Kitako kinene huupa mtumbwi uzito wa chini ili usiyumbe ovyo, na pia huvumilia kukwaruzwa na mchanga na mawe. Ubavu mwembamba hupunguza uzito. Fundi akizidisha kuchimba, mtumbwi unatoboka na kazi yote imepotea bure.

Baada ya hapo mtumbwi unawekwa kivulini ukauke polepole. Ukianikwa juani ungali mbichi, unapasuka. Na wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwenye mto huna hata nafasi ya kujenga huo ukuta!

UTACHAGUAJE MTUMBWI?

Labda huchongi, unaazima au unakodi. Usione haya kuukagua. Fanya hivi:

1. Tazama ndani. Kama umekuta maji na mvua haikunyesha, yametoka wapi?

2. Pitisha mkono kwenye nyufa na viraka. Bonyeza kwa kidole gumba. Mti uliooza unabonyea.

3. Uingize kwenye maji ya magotini, ingia, kaa, kisha uyumbishe pole pole. Mtumbwi mwembamba sana unakimbia, ila unapinduka haraka. Mpana unakwenda taratibu lakini umetulia. Kwa safari ndefu yenye mizigo, chagua uliotulia.

4. Ukishapakia watu na mizigo, pima kwa mkono. Kutoka kwenye maji hadi ukingo wa mtumbwi ibaki angalau shibiri moja. Ikipungua, shusha mzigo. Usibishane na maji.

5. Hakikisha kuna kafi la akiba, upondo (ule mti mrefu wa kusukumia kwenye maji mafupi) na chombo cha kufulia maji.

KUPIGA KAFI

Wengi wanadhani kupiga kafi ni nguvu za mikono tu. Sivyo! Kaa chini au piga magoti, usisimame ovyo. Ukiwa chini mtumbwi unatulia. Zamisha kafi mbele yako karibu na ubavu wa mtumbwi, vuta kwa kutumia mgongo na mabega, kisha litoe likifika usawa wa nyonga. Ukilivuta mpaka nyuma kabisa unajichosha bure.

Mkiwa wawili, wa mbele anatoa mwendo, wa nyuma anaongoza. Mwenye uzoefu akae nyuma. Upepo ukivuma na mawimbi yakainuka, elekezeni ncha ya mbele kwenye wimbi, kwa mshazari kidogo. Wimbi likiwapiga ubavuni, mmekwisha. Na mkiona wingu zito linakuja, tokeni majini mapema. Kufika kesho ni kufika vilevile.

VIBOKO NA MAMBA

Mchana kiboko hukaa majini, usiku hutoka kwenda kula majani. Usipite kati yake na maji ya kina, maana huko ndiko anakokimbilia akishtuka. Zungukeni mbali, na mgongegonge ubavu wa mtumbwi ili ajue mnakuja. Usiku msipige hema kwenye njia zake, zile zilizokanyagwa kutoka mtoni.

Kwa mamba, usining'inize mkono wala mguu majini. Usioge wala kuosha vyombo ukingoni. Chota maji kwa ndoo, uogee mbali.

MAGONJWA YA SAFARINI

Maji ya mto ni mazuri machoni tu. Yachemshe kabla ya kunywa. Kichocho huingia mwilini kupitia ngozi unapokanyaga au kuoga kwenye maji yenye konokono wanaobeba vijidudu vyake. Ukikojoa damu baada ya safari, usinyamaze kwa aibu wala usidhani ni dalili ya ukubwa. Nenda zahanati, dawa ipo. Na chandarua ni mzigo wa lazima, hata kama wenzako watakucheka.

JE, KAMA MMOJA WENU ANA KIFAFA?

Swali hili lina uzito wake, hasa kwenye maeneo ya Mahenge ambako kifafa kimejulikana kwa miaka mingi. Watafiti wamekihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Ndiyo maana ni muhimu kumeza dawa ya usubi inapogawiwa kijijini kwenu.

Mtu mwenye kifafa asipige kafi peke yake. Ameze dawa zake kila siku, azibebe safarini, na wenzake wajue hali yake. Kumficha si kumpenda. Kumtenga nako si kumpenda.

Akianguka majini wakati wa kifafa, msiogope kumshika! Kuna watu wanaosema eti ukiguswa na povu lake nawe utapata kifafa. Huo ni uongo, na uongo huo umewaacha watu wafe maji huku wenzao wakitazama. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Inua kichwa chake juu ya maji, mvute nje, mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni.

MTUMBWI UKIPINDUKA

Mfa maji haachi kutapatapa, lakini kutapatapa ndiko kunakomaliza pumzi. Shika mtumbwi. Ni mti, hata ukijaa maji kwa kawaida unaelea. Usiuache ukaogelea kwenda ukingo unaoonekana "hapo tu". Macho hudanganya juu ya maji. Jaketi okozi ndilo bora kuliko yote, na livaliwe, si kukaliwa kama mto. Kama hamna, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo vizuri linaweza kumsaidia mtu kuelea.

Mwenzako akizama, mrushie dumu, kamba au mnyooshee upondo. Usimfuate kwa kuogelea kama hujafundishwa uokoaji. Atakukumbatia mzame wote.

Mkishamtoa, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu chake, mzibe pua, mpulizie mdomoni pumzi mbili hadi tano. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, pumzi mbili, tena 30, pumzi mbili. Msiache mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

KUSEMA "HAPANA"

Hili ndilo gumu kuliko yote. Mtumbwi umeshajaa, mwenye mtumbwi ni mtu mzima, na anakuita, "Ingia bwana, tuondoke!" Utafanyaje? Unaweza kukataa kwa heshima:

"Shikamoo baba. Nashukuru, ila naona umejaa. Nitangoja zamu ya pili."

Wakikuita mwoga, waache. Vivyo hivyo kama mpiga kafi amelewa. Pombe na maji havipatani: inalegeza mikono, inapumbaza akili, na inampa mtu ujasiri asiokuwa nao. Wewe shuka. Na kabla ya kuondoka nyumbani, mwambie mtu unaenda wapi, na nani, na siku ya kurudi. Usiporudi, wajue pa kuanzia kutafuta.

JADILINI NA WENZENU

• Katika kundi lenu, ni wangapi wanajua kuogelea? Nani anaweza kuwafundisha wengine, na wapi ni salama?

• Mtumbwi mnaotumia sana kijijini kwenu, uliwahi kukaguliwa lini?

• Kuna rafiki yenu mwenye kifafa ambaye hachukuliwi safarini? Mnaweza kumshirikisha vipi bila kumhatarisha?

Maswali haya msiyaache kwenye karatasi. Yapelekeni ufukweni, mkayaulize mbele ya mtumbwi wenyewe.