Nani Anayeipima Hewa Tunayoivuta?

Katika mkutano mmoja wa tawi, upande wa mashariki ya Unguja, msemaji alieleza kwa kirefu juu ya mabadiliko ya tabianchi, na wananchi wakamsikiliza kwa utulivu kama ilivyo desturi yao. Alipomaliza akasimama bibi mmoja mkulima wa mwani, akauliza: "Mwanangu, umetwambia hewa ya dunia imezidi moshi. Nani kaipima, na kaipima kwa pishi ya nani?" Watu walicheka. Msemaji huyo ndiye mimi ninayeandika safu hii, na jibu sikuwa nalo. Leo ninamjibu, ingawa nimechelewa, na ninawaomba ndugu zetu waliomo maofisini wasome pia, kwani swali lile linawahusu wao kuliko yeye.

Hewa kavu tunayoivuta, katika kila sehemu mia, 78 ni naitrojeni na karibu 21 ni oksijeni. Ya tatu ni agoni, ambayo haitimii sehemu moja. Kinachobaki ni kidogo mno, na ndani ya kidogo hicho ndimo ilimo hewa ya ukaa, itokayo katika kila kinachoungua. Hii huhesabiwa kwa sehemu katika kila milioni. Mtu akitia punje mia nne za mtama ndani ya punje milioni za mchele, mpishi hataziona. Walakini kidogo hicho ndicho kinachozuia joto la ardhi lisipotee lote angani. Kikizidi, joto huzidi, bahari hupanda, na mwani hufa kwenye maji ya kina kifupi. Kwa hiyo si ajabu kwamba kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walibishana: wengine walidhani bahari inaumeza moshi wote wa viwanda, na hapakuwa na mtu mwenye vipimo vya kumkanusha mwenziwe.

Aliyeukata ubishi huo ni Mmarekani Charles David Keeling. Katikati ya miaka ya 1950, akiwa California, alikuwa akilala msituni na chupa zake, akiamka usiku kuzijaza hewa kila baada ya saa chache. Akagundua jambo ambalo wenzake hawakuliona, kwamba usiku vipimo hupanda na kushuka kwa sababu ya pumzi za miti na udongo, lakini alasiri, hewa inapochanganyika vyema, hupatikana kipimo kile kile karibu kila pahala. Maana yake ni kwamba dunia inayo hewa moja, na mtu akichagua mahali safi anaweza kuipima yote kutoka hapo.

Mahali hapo palikuwa Mauna Loa, mlima wa volkano katika kisiwa cha Hawaii, kwenye kituo kilicho karibu mita 3,400 juu ya bahari. Mwezi Machi 1958 chombo chake kiliandika sehemu 313 katika kila milioni. Chombo chenyewe kinafanya kazi kwa njia iliyo rahisi kuieleza. Hewa hupitishwa ndani ya bomba, mwale wa joto usioonekana kwa macho hutumwa upande mmoja, na upande wa pili hupimwa kiasi kilichofika. Hewa ya ukaa humeza sehemu ya mwale huo, na kilichopotea ndicho hesabu yake.

Hapa ndipo ninapofika kwenye pishi ya yule bibi. Chombo chochote hupotoka, kama mizani ya sokoni isiyokaguliwa. Keeling alilijua hilo, na mara kwa mara alikipitishia chombo chake hewa ya silinda ambayo kipimo chake kilikwisha thibitishwa maabara kwa njia nyingine kabisa. Saa ambazo upepo ulileta moshi wa volkano ziliwekwa kando, zisiharibu hesabu. Hadi mwaka 1995 kipimo kilichosimamiwa na taasisi yake, Scripps, ndicho kilichokuwa pishi ya dunia nzima. Tangu hapo kazi hiyo inafanywa na idara ya Marekani iitwayo NOAA, kwa niaba ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Katika mwaka wa kwanza tu alionekana mwendo wa ajabu. Hewa ya ukaa hupanda hadi mwezi Mei, kisha hushuka hadi Septemba au Oktoba, kwa kuwa misitu na mashamba ya nusu ya kaskazini ya dunia huifyonza wakati wa majani mapya na kuirudisha yanapooza. Lakini kila mwaka kilele kilikuwa juu zaidi ya kile kilichopita. Wastani wa mwaka 2024 hapo Mauna Loa ulizidi sehemu 424, na mwezi Mei 2025 ulivuka 430. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa kama 280. Mtoto wa Keeling, Ralph, naye amekuwa akipima oksijeni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ameikuta inapungua kidogo kidogo. Kinachoungua hula oksijeni. Volkano na bahari hazingeleta upungufu wa namna ile. Kwa hiyo mwenye kudai kwamba moshi huu umetoka kwenye milima ya moto, ajibu kwanza imekwenda wapi oksijeni hiyo.

Sasa tuje baharini kwetu. Kisiwa kilicho karibu nasi kupita vyote ambamo NOAA huchukua hewa kwa chupa ni Mahe, Shelisheli, tangu mwaka 1980. Chupa za kioo hujazwa mbili mbili, hufungwa, na kusafirishwa hadi Boulder, Colorado. Vipimo vya huko vinasema jambo ambalo manahodha wetu wangelielewa upesi kuliko maprofesa. Kusi likivuma, Mahe hupata hewa safi ya bahari ya kusini. Kaskazi likifika, linaleta hewa ya nusu nyingine ya dunia, yenye methani na moshi zaidi. Mwaka 1999 wataalamu wa nchi kadhaa, wakiongozwa na Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen, waliifuata hewa ya kaskazi kwa ndege, meli na kituo kisiwani Maldivi, wakakuta utusitusi wa moshi umetanda sehemu kubwa ya kaskazini ya Bahari ya Hindi. Upepo ule ule uliowaleta wazee wetu na majahazi ya tende na mazulia!

Kinachonitia wasiwasi ni fedha. Mwaka 1964 vipimo vya Mauna Loa vilisimama kwa miezi kadhaa kwa sababu bajeti ilikatwa, na pengo lile halitazibika, kwa kuwa hewa ya mwaka 1964 haipo tena ya kupimwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 mlima ulilipuka, lava ikakata umeme na barabara, na vipimo vikahamishiwa kwa muda mlima wa jirani. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilipeleka kwa Bunge lake mapendekezo ya kuziondolea fedha maabara zake za utafiti wa tabianchi. Kumbe daftari la hewa yetu limo katika sanduku la mtu mwingine, naye ana ruhusa ya kulifunga. Tukumbuke pia kwamba tundu la ozoni juu ya Antaktika lilitangazwa mwaka 1985 na Waingereza watatu waliokuwa na kituo kidogo huko Halley, chenye vipimo vya ozoni visivyokatika tangu miaka ya 1950. Bila ya daftari lile refu wasingejua kwamba theluthi ya ozoni ya mwezi Oktoba imetoweka, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 usingekuja upesi vile.

Jirani zetu wa Kenya wamefungua kituo juu ya Mlima Kenya tangu mwaka 1999, na Nairobi wamekuwa wakirusha mabaluni ya kupimia ozoni. Malindi nako yalirushwa kwa miaka michache, kisha yakakoma.

Sisi tunakwenda kwenye mikutano ya dunia kudai fidia kwa mabonde ya mpunga ya Pemba yaliyoingiliwa na maji ya chumvi, na madai hayo ni ya haki. Lakini tunakwenda na hesabu za wenzetu. Chupa mbili kwa wiki hazihitaji jengo la ghorofa. Zinahitaji ncha ya pwani inayopigwa na upepo wa bahari, mbali na magari na majiko ya mkaa, kijana aliyefundishwa kuzijaza akiwa amesimama dhidi ya upepo asizipumulie, na fungu la fedha katika bajeti ambalo halitafutwa atakapobadilishwa mkurugenzi. Vijana waliosoma kemia Chuo Kikuu cha Taifa tunao. Upepo wa mashariki nao tunao, na yule bibi anaweza kumwonyesha mhandisi ni ncha ipi ya kijiji chake isiyofikiwa na moshi.