Barua Iliyotiwa Podoni

Kisa hiki wengi tumekisikia darasani na mimbarini. Vita vya Yarmuk vimepamba moto. Mjumbe kutoka Madina anamfikia Khalid bin Walid na barua: Abubakar amefariki, Umar ndiye khalifa, na uamiri jeshi sasa ni wa Abu Ubayda. Khalid anaipokea barua, anaitia ndani ya podo la mishale, na anawaficha askari habari hiyo wasije wakavunjika moyo. Kisha anaendelea kupigana hadi ushindi. Kisa kimo katika Tarikh ya Imamu Tabari. Je, hilo latosha kukiandika kuwa ndivyo ilivyokuwa?

Halitoshi, na Tabari mwenyewe ndiye anayetutahadharisha. Katika utangulizi wake, mwanazuoni huyu aliyefariki Baghdad mwaka 923 anaeleza kwamba ananukuu habari kama zilivyomfikia; msomaji akikuta jambo asiloweza kulikubali, ajue limetoka kwa waliolipokea kabla yake. Kwa ajili hiyo hutanguliza sanadi, yaani mlolongo wa majina ya waliopokezana habari. Mwandishi anayesema “Tabari kasema” akaiacha sanadi, ameitupa ile hazina ambayo Tabari alijitaabisha kutuhifadhia.

Tuifuate basi sanadi. Barua ya podoni inatoka kwa Sayf bin Umar, msimulizi wa Kufa wa karne ya 2 Hijria. Wahakiki wa hadithi, akiwemo Yahya bin Main, walimhesabu kuwa dhaifu. Udhaifu huo haufanyi kila alichosimulia kuwa uongo, ila unatulazimu tumtafute shahidi mwingine. Sayf anaiweka Yarmuk mwaka 13 Hijria, mwaka aliofariki Abubakar. Ibn Ishaq na Waqidi, ambao Tabari huyohuyo anawanukuu, wanaiweka Rajabu mwaka 15. Tena kwa Ibn Ishaq, habari ya kuuzuliwa ilifika wakati Waislamu wakipigania Damascus, na aliyeizuia barua ni Abu Ubayda, kwa kumwonea haya Khalid. Barua ni moja, lakini vita ni vingine na aliyeificha ni mwingine.

Yuko shahidi wa tatu, asiyewajua wote hawa. Katika maktaba ya British Library, London, imehifadhiwa nakala kongwe ya Injili kwa lugha ya Kisiria. Kwenye ukurasa wa mwanzo, Mkristo anayeonekana kuwa aliishi zama zilezile aliandika mistari michache kuhusu vita baina ya Warumi na Waarabu. Ukurasa umechakaa na maneno mengi yamefutika, lakini tarehe 20 Agosti inasomeka, na pia jina la Gabitha, mahali ambapo Waarabu walipaita Jabiya, jirani na Yarmuk. Sehemu ya mwaka imepotea. Wataalamu wameijazia kuwa 947 kwa kalenda ya Kigiriki iliyotumika Sham, yaani mwaka 636. Tarehe hiyo inaangukia Rajabu mwaka 15, palepale walipoiweka Ibn Ishaq na Waqidi. Abubakar alifariki Agosti 634. Kwa hesabu hiyo, siku ya Yarmuk alikuwa na miaka miwili kaburini, na Umar alikwishatawala muda wote huo.

Sisemi kisa kifutwe. Naomba kiandikwe kwa uaminifu: “Sayf bin Umar amesimulia kwamba barua ilifika Yarmuk, Ibn Ishaq anaieleza habari hiyo katika vita vya Damascus.” Kumtaja msimulizi kunachukua pumzi moja tu, iwe kitabuni au mimbarini, na kunampa msikilizaji uwezo wa kupima mwenyewe.

Khalid naye hapotezi kitu. Podo likiondolewa, linabaki lile ambalo wapokezi wameafikiana: kwamba Umar alimuuzulu, naye akabaki jeshini, akapigana chini ya Abu Ubayda.