Sayansi ya data na 'ndoo' ya Kimvita

Mzee wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, akimwambia mjukuu wake "Ndoo hapa", mtoto huja. Iambie hivyo mashine iliyofunzwa Kiswahili sanifu pekee, huenda ikadhani mzee anataka chombo cha maji. Katika Kimvita, 'ndoo' ni 'njoo', 'ndia' ni 'njia', na 'mato' ni 'macho'. Mbona mashine ikosee?

Taaluma inayohusika hapa ni sayansi ya data. Jina lenyewe si la jana: Peter Naur wa Denmark alilitumia kitabuni mwaka wa 1974. Mnamo 2001, mwanatakwimu Mmarekani William Cleveland alipendekeza takwimu zipanuliwe ziwe taaluma yenye jina hilo, ikichanganya hisabati, kompyuta na ujuzi wa fani ambako data inatoka. Siku hizi vyuo vikuu vinatoa shahada zake, hapa Kenya pia.

Kwa kawaida, mwanatakwimu wa jadi alianza na swali, kisha akakusanya data. Mwanasayansi wa data mara nyingi huikuta imeshalundikana, magazetini na intanetini, kisha akatafuta yanayojirudia. Hapo ndipo penye mtego: lisiloandikwa, kwa mashine halipo.

Sasa tazama historia yetu. Krapf alifika Mombasa 1844 akakusanya maneno ya hapa. Kamusi yake ilichapishwa 1882, baada ya kifo chake. Lakini mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Vitabu vya shule na magazeti, hata safu hii, vikafuata. Kimvita kikabaki zaidi midomoni mwa watu.

Sisemi usanifishaji ulikuwa kosa. Nami naandika kwa lugha hiyo hiyo. Nasema kabla ya data kuwa tarakimu, huwa ni uamuzi wa watu. Kesho bibi akiieleza mashine ya hospitali kwamba mato yanamuuma, je, itamwelewa, ama itambidi aiache lugha ya mamake ndipo asikike?

Dawa ipo. Wanafunzi wetu wa sayansi ya data wakae barazani na wazee, waombe ruhusa, warekodi, waandike neno lilivyotamkwa, na waonyeshe ni la lahaja gani. Ule ujuzi wa fani aliousema Cleveland, hapa kwetu wanao wazee hao. Nao hawatatungoja.