Laivu inakata ukiwa stoo? Usikimbilie kuongeza kifurushi

Wauzaji wenzangu, mimi niko Akheri, nauza viatu vya mtumba mtandaoni. Ruta iko sebuleni, mzigo uko stoo ya mabati nyuma ya nyumba. Kila nikiingia laivu stoo, picha inaganda. Siku moja dada mmoja alitaka pea 6, narudi hewani ameshanunua kwingine. Iliniuma.

Nikalipia kifurushi kikubwa zaidi. Hela ikaenda, laivu bado inakata! Kumbe tatizo ni mabati na ukuta wa tofali, mawimbi hayapiti.

Nikatoa ruta ya zamani kabatini. Kwanza niliiwasha peke yake, nikaingia kwenye setingi kwa simu. Ya sebuleni anwani yake ni 192.168.1.1, hii nikaipa 192.168.1.2. Halafu nikazima DHCP, ile kazi ya kugawia simu anwani. Ruta 2 zikigawa zote, simu zinachanganyikiwa. Mimi nilisahau, nikahangaika jioni nzima.

Ndipo nikavuta waya wa netiweki hadi stoo (usizidi mita 100), LAN kwa LAN, sio WAN. Unapita migombani, kwa hiyo nimeuweka ndani ya bomba la plastiki, mvua na jembe visiufikie. Jina na paswedi zilezile, chaneli tofauti: sebuleni 1, stoo 6.

Vile vidude vya kurudia mawimbi bila waya vipo, ila vingi vinakata spidi nusu.

Sasa naonyesha viatu nikiwa katikati ya marobota.