Kwa Nini Unaitwa Kutolewa Damu kwa Mara ya Pili

Malalamiko yanayojirudia katika masanduku ya maoni ya zahanati zetu ni haya: mwananchi ametolewa damu, amesubiri majibu, kisha anapigiwa simu arudi atolewe tena. Wapo wanaoamini kuwa damu ya kwanza ilipotea. Wapo pia wanaonong'ona kuwa iliuzwa. Mara nyingi ukweli ni wa kawaida zaidi, ingawa haumpunguzii adha mtu aliyetembea kutwa nzima: damu ilichelewa njiani.

Damu iliyomo ndani ya kichupa bado ina uhai. Ikikaa katika joto la kawaida bila kutenganishwa, seli zake huendelea kutumia sukari, na kipimo hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kwa mtoto mwenye malaria kali, ambaye kushuka kwa sukari ni hatari ya kweli, tabibu hatajua kama sukari imeshuka mwilini au mezani.

Vimelea vya malaria navyo hubadilika umbo vikikaa muda mrefu katika damu iliyowekewa dawa ya kuzuia kuganda. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara hupenda kuipaka damu kwenye kioo mapema, ndani ya saa 1 ikiwezekana. Akichelewa, huenda akaviona vimelea lakini asitambue ni vya aina gani.

Katika kipimo cha kuotesha bakteria, chupa ya damu haiwekwi kwenye jokofu wala haikawizwi, kwani bakteria wakifa kabla ya kuoteshwa, jibu litasema hawapo. Hali huwa hiyo hiyo mgonjwa anapomeza antibayotiki za dukani kabla ya kupimwa. Hapo maabara haina lawama.

Kipimo kinachozua maswali zaidi ni cha wingi wa VVU, kwa kuwa mashine zake haziko katika kila kituo. Damu huwekwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na kwa kawaida plazma hutakiwa kutenganishwa na seli ndani ya saa 24. Zahanati isiyo na mashine ya kuzungushia damu hulazimika kukisafirisha kichupa kwa pikipiki. Mvua ikikata barabara, au damu ikitolewa Ijumaa alasiri, saa 24 huisha. Baada ya hapo vinasaba vya virusi huweza kuharibika, na kipimo kikaonesha virusi vichache kuliko vilivyopo. Mtu ambaye dawa zake zimeacha kufanya kazi ataambiwa anaendelea vyema. Maabara inayoikataa sampuli ya namna hiyo inamlinda mgonjwa, hata kama yeye anaona inamsumbua.

Ipo njia nyingine: matone ya damu hudondoshwa kwenye karatasi maalumu, yakaachwa yakauke, kisha karatasi ikafungwa pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu. Ikikauka sawasawa husafiri bila barafu. Watoto waliozaliwa na mama wenye VVU hupimwa kwa njia hiyo wakiwa na wiki 4 hadi 6.

Si kila sampuli hukwamishwa na mvua. Ikifika maabara bila kuandikwa saa iliyotolewa, nayo huweza kukataliwa, na hilo ni kosa letu sisi watoa huduma. Mwananchi anayeitwa tena anayo haki ya kuelezwa sababu.

Kabla ya kwenda kutolewa damu kwa kipimo kinachosafirishwa, ulizeni zahanatini siku na saa ambayo sampuli huondoka, nanyi mfike mapema siku hiyo. Acheni namba ya simu inayopatikana. Majibu yasipofika kwa wakati mlioahidiwa, muoneni mganga mfawidhi; asipokuwa na maelezo, fikisheni suala hilo kwa kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo baadhi ya wajumbe wake ni wananchi wenzenu.